Mgongo Uliokaa Bure

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati fisi bado akialikwa harusini, wanyama wa bondeni walikuwa na nyasi za akiba. Wakati wa masika hakuna aliyezigusa. Kiangazi kikikaza, ndipo wenye watoto wadogo waliporuhusiwa kuingia na kula.

Kiboko, yule ambaye hashibi, akazitamani. Akamwendea Mtemi Tembo na mtungi wa asali.

"Mtemi, zile nyasi zimekaa bure tu. Nipe pale nijenge hoteli ya matope. Wageni watakuja, bonde litaendelea."

Tembo alipenda asali, na neno "kuendelea" alilipenda zaidi. Siku hiyo hiyo ikapigwa mbiu: chochote kilichokaa bure, apewe mwenye kukiendeleza. Na atakayeharibu maendeleo ya mwenzake, afukuzwe bondeni.

Mama Pimbi aliposikia, uji ulimpalia. Alikuwa na watoto wanne, na kiangazi kilikuwa kinabisha hodi. Akamfuata Kiboko mtoni.

"Bwana Kiboko, watoto wetu watakula nini?"

"Watakula maendeleo," Kiboko akajibu. Akajilaza ukingoni, akakoroma. Khooor! Khooor!

Mama Pimbi akautazama ule mgongo, mpana, umelala tu, haufanyi lolote. Akarudi nyumbani mbio.

Kiboko alizinduliwa na vishindo. Pu! Pu! Pu! Kisha akahisi joto.

"Nani yuko huko juu?"

"Ni mimi, mwekezaji," Mama Pimbi akasema. "Nimeshaweka mafiga. Nafungua mgahawa."

"Shuka mgongoni kwangu."

"Nimeutazama tangu asubuhi, bwana. Umekaa bure."

"Nitajitosa mtoni sasa hivi!"

"Jitose. Lakini utakuwa umeharibu maendeleo yangu, na sheria unaijua. Nyie watoto, msirukeruke hapo, hapo watakaa wageni."

Kiboko angefanyaje? Akajikokota mpaka kwa Tembo, moshi unafuka mgongoni, wanyama wanamfuata mbavu hawana. Nyani alikuwa ameshaagiza chai.

"Mtemi, huyu kaninyang'anya mgongo wangu!"

Tembo akakuna sikio. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. "Ulikuwa unaufanyia kazi gani?"

"Ulikuwa unapumzika! Usipopumzika leo, kesho utabeba nini?"

Mama Pimbi akaacha kukoroga uji. Sauti yake sasa haikuwa na mzaha.

"Basi hata nyasi zetu zilikuwa zinapumzika, Bwana Kiboko. Zisipopumzika masika, kiangazi tunazika watoto."

Hakuna aliyecheka tena. Swala mwenye mimba alikuwa amesimama mbele kabisa, na Tembo hakuweza kumtazama usoni. Aliona aibu, na tembo hana pa kuificha aibu yake.

"Sheria ile nimeifuta," akasema. "Nyasi ni za wote, kama zilivyokuwa."

"Na asali yangu?" Kiboko akauliza.

Tembo akajifanya hakusikia. "Mama Pimbi, umeshinda. Shuka sasa."

"Nitashuka, Mtemi. Uji uive kwanza."

Ikabidi Kiboko asimame pale kwenye jua, ametulia tuli, mpaka uji ukaiva na Nyani akamaliza chai yake.

Nami hadithi yangu naiachia hapo, wanangu, nanyi shikeni hili: kilichohifadhiwa kwa faida ya wote hakijakaa bure.