Mkia wa Mjusi wa Majabali

Hapo zamani za kale, majabali yalipokuwa majumba na kila jumba lina mwenyewe, palikuwa na Mjusi. Mdogo, wanangu! Hakuzidi kidole changu hiki. Lakini alitembea kifua mbele, kana kwamba jangwa lote ni la babu yake.

Alikaa katika ufa wa jabali jeusi. Humo ndani alikuwa ametaga mayai mawili, na mayai hayo ndiyo yaliyokuwa roho yake.

Siku moja Kenge akapita, akachungulia. Mnamjua Kenge: mrefu, mzito, ulimi nje. Na mayai, jamani, ndiyo pilau yake.

"Mwanangu," akasema kwa sauti tamu, "mimi ndiye mkuu wa ukoo wenu. Kesho naingia kwako."

Sasa sikilizeni. Desturi ya jangwa lile ilikuwa hivi: mgeni hupiga hodi, na mwenye nyumba anaweza kumkatalia. Lakini mkuu wa ukoo huingia bila hodi, na atakachokikuta ni chake.

"Mimi si wa ukoo wako!" Mjusi akang'aka.

"Tutaona!"

Wakaenda kwa Mbuni, mwamuzi wa koo zote. Wanyama wakajaa tele. Kenge akaanza kumkagua Mjusi mbele ya wote.

"Magamba? Anayo. Makucha? Anayo. Miguu minne, mkia mmoja. Huyu ni kenge, ila amedumaa!"

"Kwa kwa kwa!" wanyama wakacheka. Hata Mbuni akatikisa shingo, akaona maneno yana uzito.

Moyo wa Mjusi ukapiga ti ti ti. Aliyakumbuka mayai yake. Kisha akainama kwa adabu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu!"

"Kumbe ni kweli! Basi sisi ni damu moja, kiungo kwa kiungo?"

"Kiungo kwa kiungo," Kenge akaapa. "Mwili wako ulivyo, ndivyo wangu ulivyo."

"Mzee Mbuni, umesikia. Basi tupimwe mikia. Baba avute wangu kwanza, kisha wake uvutwe vivyo hivyo."

Kenge hakungoja. Akaukamata mkia kwa meno, akavuta. Ka! Mkia ukabaki kinywani, Kenge akaenda chali mchangani, pu!

Wanyama wakapiga kelele. Mkia ukawa unarukaruka peke yake. Mjusi wala hakulia.

"Haidhuru, utaota mwingine. Sasa zamu yako, Baba. Mzee Mbuni, ukanyage wake, uvute kwa nguvu zote."

Mbuni akainua mguu. Mguu ule, wanangu, humvunja fisi mbavu.

"La! La! La!" Kenge akapiga yowe. "Wangu ukikatika hauoti!"

"Hauoti vipi? Si damu moja?"

"Damu moja na nani? Si mwanangu huyu! Si ndugu yangu! Ukoo wake na wangu mbali mbali!"

Mbuni akashusha mguu taratibu.

"Umesema mwenyewe, Kenge. Na wewe mdogo, tukuiteje?"

Mjusi akapanda juu ya jabali, kipande cha mkia nyuma, kichwa juu.

"Mimi ni Mjusi wa Majabali! Mkia namwachia adui, uhai nabaki nao. Jua la mchana mnalolikimbia, mimi naliota. Sikudumaa, ndivyo nilivyo!"

Kesho yake Kenge alisimama mlangoni. "Hodi!"

"Hodi yako nimeisikia," Mjusi akajibu kutoka ndani. "Rudi ulikotoka."

Akarudi, ulimi ndani.

Mayai yakaanguliwa, na watoto wakafundishwa jina lao kabla ya kufundishwa kukimbia. Hadi leo, mkimwona mjusi juu ya jiwe anatikisa kichwa juu, chini, juu, chini, msidhani anawasalimu. Anautaja ukoo wake.

Usiposema wewe ni nani, mwenye nguvu atakusemea, na atasema lile litakalomjaza tumbo.