Kwa Nini Hondohondo Humfungia Mkewe Ndani ya Mti

Hapo kale, wakati msitu ulipokuwa bado umefunika milima hii mpaka mabondeni, hondohondo alijenga kiota chake juu ya tawi kama ndege wengine. Nyote mnamjua hondohondo, yule ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa, ambaye akipita juu ya nyumba mabawa yake huvuma mpaka kuku hukimbia. Leo hajengi tena juu ya tawi. Jike huingia ndani ya shimo la mti, mlango huzibwa kwa udongo, hubaki ufa mwembamba tu, na dume humlisha kupitia ufa huo mpaka makinda yapate nguvu. Jambo hilo hakulizua yeye. Aliliona kwa wanadamu, na wanadamu wenyewe walikuwa mtu na mkewe.

Mume aliitwa Senkondo na mke aliitwa Namkunda. Walioana wakiwa vijana, wakazeeka pamoja, na watoto wao walikuwa wamekwisha kwenda kuishi na wenzi wao ng'ambo ya mlima. Kazi iliyowabakia ilikuwa kijiji. Namkunda alizalisha wanawake. Senkondo alizibua mifereji ya maji ilipojaa matope. Mtoto aliyekimbia viboko kwao alikimbilia kwa hawa wawili, na mzazi wake akija kumfuata alikaribishwa kiti na kibuyu cha togwa mpaka hasira imtoke. Watu waliwapenda, na waliwatania pia, kwa kuwa hawakuwahi kula mbalimbali. Kila Senkondo aliporudi kutoka mferejini jua limeinama, alikuta chakula kimepoa na Namkunda ameketi mbele yake, hajagusa kitu.

"Siku mzee akichelewa kweli, bibi atakufa na njaa huku chungu kimejaa," alisema jirani yao Nakijwa, mwanamke mwenye ulimi mkali. Namkunda alicheka naye.

Kwa sababu waliaminiwa, wao ndio waliotunza ghala la mbegu. Baada ya mavuno kila nyumba ilileta mtama wake bora, ukamiminwa pamoja, na mvua ziliponyesha kila nyumba ilikuja kuchukua fungu lake. Mwaka mmoja mvua zilikawia. Mtoto mmoja akaja analia njaa, Namkunda akampa konzi ya mtama. Akaja wa pili na wa tatu. Senkondo naye alitoa, akidhani mkewe hajui. Mvua zilipokuja, ghala lilikuwa tupu. Mashamba yalilowa vizuri na hapakuwa na cha kupanda, na njaa iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Kijiji kilizika watu wengi mwaka ule. Hakuna aliyewalaumu wale wazee, lakini tangu hapo Namkunda alikuwa akipita karibu na makaburi anaangalia chini.

Kisha, baada ya miaka, mvua zikagoma tena. Watu walikusanyika kujadili jinsi ya kulilinda ghala. Wengine walisema wawekwe vijana wenye mikuki. Namkunda akasimama.

"Mwaka ule hatukuibiwa," alisema. "Aliyelimaliza ghala ni mimi. Nikiona uso wa mtu mwenye njaa, mkono wangu hunyooka wenyewe. Basi nisiuone. Nitaingia ndani, kwa sababu lazima awepo wa kufukuza panya na kuzigeuza mbegu na kuzipaka majivu zisiliwe na wadudu. Nikishaingia, zibeni mlango kwa udongo. Niachieni ufa wa kupitisha chakula tu."

"Na sisi tukija kulia hapo kwenye ufa, bibi?" Nakijwa aliuliza.

"Lieni. Nami nitalia. Lakini sitatoa."

Watu walimgeukia Senkondo, wakidhani atakataa. Alimtazama mkewe, akasema, "Udongo nitaukanda mwenyewe. Nyinyi mtaacha nyufa."

Basi Namkunda akaingia na mkeka wake, kibuyu cha maji na fimbo ya panya, na mumewe akaziba mlango. Kila siku Senkondo alikwenda msituni kuchimba viazi mwitu na kuokota matunda ya mkuyu, akaja kuyapitisha kwenye ufa. Karibu na ghala kulikuwa na mkuyu mmoja ambao ukame haukuuweza, na juu yake waliketi hondohondo wawili, dume na jike. Kiota chao kilikuwa wazi juu ya tawi, na nyoka alikuwa amekwisha kula mayai yao. Hawakuwa na la kufanya ila kutazama chini.

Kukaa kwake mle hakukuwa rahisi. Ndani mlikuwa na joto na vumbi la majivu. Usingizi wake ulikatwa na panya. Lakini panya hawakumtesa kama sauti za watu. Siku moja Nakijwa alikuja, akasimama karibu na ufa na mwanawe mgongoni.

"Bibi, konzi moja tu. Mtoto hana nguvu hata ya kulia. Wewe mwenyewe ndiye uliyempokea akizaliwa."

Namkunda alishika ukuta. Mtama ulikuwa nyuma yake, rundo kubwa, ungetosha kumlisha mtoto yule mpaka anenepe. "Siwezi, mwanangu," alisema.

"Kumbe mumeo aliuzika moyo wako kwanza, ndipo akakuzika wewe."

Namkunda alikuwa na kiazi kimoja alicholetewa asubuhi, chakula chake cha siku nzima. Alikipitisha kwenye ufa. Nakijwa alikipokea akaondoka bila kusema asante.

Ukame uliendelea, na Namkunda akaanza kuona mabadiliko katika mkono uliomlisha. Ule mkono aliujua kuliko wake. Sasa vifundo vyake vilikuwa vimechomoza, na ngozi ilining'inia.

"Umekula, mzee wangu?"

"Nimekula nyumbani kabla sijaja. Nimeshiba."

Mtu mwingine angelisadiki jibu lile. Namkunda alikuwa ameishi na mume huyu tangu ujana wao, na hajawahi kumwona akila peke yake hata siku moja.

"Senkondo, tangu lini wewe ukashiba bila mimi?"

Namkunda aligeuka, akachota konzi ya mtama, akaitoa kwenye ufa. Kile alichomnyima mtoto wa jirani, sasa alikuwa anampa mumewe, naye alijua hivyo. "Chukua," alisema. "Wasilaumu mtu ila mimi."

Senkondo aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akavifunga vidole vya mkewe juu ya mtama, akausukuma taratibu kurudi ndani.

"Nikipona kwa mbegu hizi, nitapita njia gani hapa kijijini? Zirudishe, Namkunda. Na ukimaliza, zigeuze zile za chini, zisije zikapata joto."

Kesho yake hakuja. Namkunda alingoja mpaka jua likapanda. Akaita, hakuna aliyejibu. Akachukua fimbo ya panya na kuanza kuchokoa udongo wa mlango. Kipande kikaanguka, halafu kingine. Alijua kwamba akitoka, ghala litakuwa wazi, na watu wenye njaa wataingia, na hakuna atakayeweza kuwazuia, na hatakuwa na haki ya kuwazuia. Akachokoa tena. Ndipo mkono ukaingia kwenye ufa, mkono wa mwanamke, umeshika kiazi cha kuchoma.

"Mzee wako yuko kwangu," ilisema sauti ya Nakijwa. "Tumemkuta ameanguka njiani, na kikapu cha chakula chako amekikumbatia. Mwanangu ndiye aliyemwona kwanza akiwa mgongoni kwangu, yule uliyempa kiazi. Nimempikia uji wa mizizi, anakataa kuugusa mpaka asikie kwamba wewe umekula. Basi kula upesi, bibi, maana uji unapoa na mimi sina kuni za kuupasha."

Namkunda alikula huku machozi yakimtiririka. Nakijwa alisimama nje akimsikiliza anavyotafuna. Kisha akachota maji, akakanda udongo, akaziba pale palipochokolewa.

Tangu hapo kikapu hakikubebwa na mtu mmoja. Aliyepata matunda alileta matunda, aliyepata kumbikumbi alileta kumbikumbi, na wengine walileta vipande vidogo mno hata wakaona aibu kuvitoa. Nusu ilipita kwenye ufa, nusu ilikwenda kwa Senkondo. Wala hakuna tena aliyekuja pale kulia.

Mvua zikanyesha. Senkondo aliletwa akiegemea bega la Nakijwa, akaubomoa ukuta kwa mikono yake. Namkunda alitoka amepauka, nywele zimekatika, miguu haimwezi. Nyuma yake mtama ulikuwa mzima wote. Kila nyumba ilipata fungu lake, na msimu ule milima yote ilivaa kijani.

Hondohondo walikuwa wameyaona yote kutoka juu ya mkuyu. Msimu uliofuata jike hakwenda kwenye tawi. Aliingia ndani ya shimo la mti, dume akamletea udongo, wakaziba mlango, na nyoka akapita bila kuona kitu. Mle ndani jike hupukutika manyoya, na hutoka hawezi kuruka mpaka yaote mapya.

Na tangu siku hiyo ndivyo hondohondo wanavyolea. Mkienda msituni mkakuta shimo lililozibwa, msilichokoe, na msimrushie manati dume anayepita na tunda mdomoni, kwa kuwa wenye njaa walio ndani ya mti wanamngoja yeye. Lakini ikiwa mmechelewa kuambiwa, na dume amekwisha kuanguka, kaeni mbali mkatazame ule ufa. Mdomo wa jike utatoka, utarudi, utatoka tena. Halafu mtasikia mabawa yakivuma, na hondohondo mwingine, asiye wa kiota kile, atatua pale na tunda.