Kikapu cha Halua Kisicho na Mwenyewe

Sogeeni, na mlioko nyuma msisukumane. Walikuwako watu watatu kwenye meli moja ya abiria iendayo Pemba. Faki, mpakiaji, mikono yake ilijua uzito wa kitu kuliko mizani. Mize, mkagua tiketi, sura akiiona mara moja haimtoki. Na Machano, baharia, Mungu alimpa ulimi usioweza kuficha kosa lake mwenyewe. Ndiyo maana hakupanda cheo.

Siku moja, meli ikikaribia kuondoka, mtu asiyemjua alimkabidhi Machano kikapu cha halua. Ni ya shangazi yake aliyeko Wete, alisema, ataifuata bandarini, yeye mwenyewe hasafiri. Machano akapokea bila kuuliza jina, kama mabaharia wanavyopokea siku zote, maana mzigo wa mtu ni amana.

Faki alipokiinua tu, akakirudisha taratibu. Halua haina uzito ule, akasema, wala hainuki mafuta, asikiguse mtu. Nahodha akamcheka: mwenyewe yumo humu humu, anakunywa chai.

Machano alijua akinyamaza hakuna atakayemjua. Akasogea mbele.

"Hayumo, Nahodha. Nilikipokea mimi, na aliyenipa simjui."

Abiria wakashushwa, polisi wakaitwa. Chini ya halua kulikuwa na baruti.

Mize, aliyekuwa getini, akaukumbuka uso ulioingia na kikapu ukatoka mikono mitupu. Akauona kwenye foleni ya boti ya pili, na kikapu kingine. Akawaonyesha askari, wakamkamata na baruti nyingine.

Mwenye meli akatoa zawadi: safari ya Umra, ya mtu mmoja tu. Hapo ndipo amani ilipoondoka. Mama yake Machano, mzee, kila baada ya swala alikuwa akiomba aione Kaaba kabla hajafa, na Machano alitaka ampe yeye safari hiyo.

"Balaa ulilipakia wewe," Faki alimwambia. "Leo ulipwe kwa kulitubia?"

"Nimekosa, Mungu anisamehe. Lakini ningenyamaza, wewe na mikono yako mngeondoka nalo."

"Nyie mlijiokoa wenyewe, kaka zangu," akasema Mize. "Mimi nilikuwa nchi kavu. Nimeokoa watu wa boti nisiyopanda."

Mwenye meli kachoka: wapatane, la sivyo hampi mtu. Machano akarudi nyumbani, akamkuta mama keshafua nguo zake nyeupe, anauliza safari ni lini.

Haya, mliosikiliza, mzee anangoja jibu. Wewe ungempa nani safari hiyo, na wale wawili ungewatazamaje usoni?