Muziki wa Bure

Bwana Mkadamu, mwenye nyumba aliyesifika kwa ubahili, alinunua spika kubwa kama kabati, akaiegemeza kwenye ukuta wa mpangaji wake, Mwanaidi. Mtoto mchanga wa Mwanaidi akawa hapati usingizi. Alipoomba sauti ipunguzwe, alijibiwa, “Nyumba yangu, spika yangu. Ukichoka, hama!”

Kesho yake Mwanaidi alirudi akitabasamu. “Baba, nimekuja kushukuru. Redio yetu tumeigawa, maana muziki wako unatutosha.”

“Kumbe mnasikiliza bure?”

“Bure kabisa! Na leo mchana shoga zangu wanakuja na mikeka yao. Tafadhali, ongeza sauti kidogo.”

Mchana ule Bwana Mkadamu alisikiliza nyimbo zake sikio likiwa limegandana na spika, asije mtu akaambulia hata ubeti. Ng’ambo ya ukuta mtoto alilala fofofo, na hapakuwa na mgeni wala mkeka.