Hewa ya Shimo la Bi Mwanatumu

Palikuwa na sultani mmoja, Fakihi bin Shekue, mtu wa huruma nyingi mno. Aliwahurumia raia zake wasichoke kumiliki vitu, akavimiliki yeye. Mashamba yake. Visima vyake. Msitu wake, na kila ukuni uliowashwa mjini ulinunuliwa kwake, kwa bei iliyopangwa na huruma hiyohiyo.

Katika mji huo aliishi mjane, Bi Mwanatumu, mwenye ng'ombe wawili na ulimi wa kuwatosha watu kumi. Kuni zilikuwa zimemshinda. Siku moja akaona mapovu yakichemka kwenye dimbwi la samadi nyuma ya zizi. Akasogeza kijinga cha moto. Povu likapasuka, likatoa mwali! Mwingine angekimbilia kwa mganga. Yeye alikimbilia jembe.

Akachimba shimo la pembe nne, akalijengea na kulifunika. Likafanya nyufa pembeni, hewa yote ya yale mapovu ikatoroka. Akatukana, akapumzika, akachimba jingine: la mviringo, tumbo kubwa, shingo nyembamba, kama mtungi uliozikwa. Akalisiliba kwa chokaa, akaacha mdomo wa kulilishia na tundu la kutolea makapi. Akalilisha samadi, maji, maganda ya ndizi na makombo ya jikoni, na kwenye kifuniko akachomeka mwanzi uliofika hadi jikoni kwake. Shimo likala, likanyamaza wiki kadhaa kama mtu anayetafakari. Alipowasha, ukatoka mwali wa buluu, bila kuni, bila moshi. Akapika maharage yakaiva. Majirani wakaja na vyungu vyao.

Kuni za Sultani zikaanza kuota uyoga.

Bi Mwanatumu akaitwa barazani, mbele ya kadhi, mawaziri na wakubwa wote wa mji.

"Ewe mwanamke, umeniibia," Sultani akasema.

"Nimeiba nini, Mtukufu? Kuni zako zipo zote. Nimezipita hapo nje zinaoza."

Kadhi akakohoa. Sultani akakunja uso.

"Ng'ombe wako wanakula nyasi za nani?"

"Zako, Mtukufu. Hata wenyewe wanajua, ndiyo maana wanatafuna kwa adabu."

"Na kinachotokana na nyasi zangu ni cha nani?"

"Kabla ya kumpitia ng'ombe, au baada?"

"Kabla na baada!"

"Basi ni chako. Hongera."

"Na hewa inayotoka humo?"

"Hewa nayo, Mtukufu?"

"Hewa nayo! Anayetaka kuipikia atanilipa mimi. Ukibisha, utahama mji huu kabla jua halijachwa, na shimo utaniachia. Kadhi, sheria inasemaje?"

Kadhi, ambaye chakula chake cha mchana kilikuwa kikipikwa jikoni kwa Sultani, hakuhitaji kufikiri. "Sheria iko wazi, Mtukufu. Wazi kabisa."

Bi Mwanatumu akatazama viganja vyake. Shimo lile alilichimba kwa mikono yake, na sugu zilikuwa bado hazijatoka. Akainama.

"Mimi ni nani hata nibishe? Naomba kitu kimoja tu. Mtukufu aseme tena, kwa sauti, hawa wakubwa wote wawe mashahidi."

Sultani akapenda sana kuombwa hivyo. Akasimama, akatoa kifua.

"Sikieni nyote! Hewa yote inayotoka kwenye shimo la Mwanatumu ni yangu mimi, Fakihi bin Shekue, na sitaki mtu mwingine ahesabiwe kuwa mwenyewe!"

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanatumu. "Umenitua mzigo. Leo asubuhi nilifungua kifuniko nisafishe shimo, ikatoka harufu hiyo, mtaa mzima ukaziba pua. Mpaka sasa huko sokoni wanaulizana nani kaiachia. Mimi kwa ujinga wangu nikamsingizia ng'ombe. Sasa nikitoka hapa niwaambieje, Mtukufu: ni ng'ombe, au ni wewe?"