Doti ya Mfungua Pembea

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana sina muda wa kuhesabu miaka na nyie mmeshaanza kujikunakuna, hapo zamani paliondokea mji mmoja ukiitwa Chokaani. Mji wenyewe mdogo, watu wake wabishi. Wabishi mpaka kwenye furaha. Kila Idd palikuwa na pembea uwanjani, gurudumu kubwa la mbao lenye viti vinane, linazungushwa kwa mikono na vijana wanne wenye vifua. Na hapakuwa na mtoto aliyeipanda kabla haijafunguliwa.

Kufunguliwa ndiyo nini? Hapo hapo nataka mnisikilize. Asubuhi ya Idd, watu wakishatoka kuswali, mtu mzito kuliko wote mjini hupandishwa peke yake. Huzungushwa mara tatu. Mara ya kwanza mji mzima kimya, unasikiliza mbao. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu kimya. Pembea isipolia, kina mama huachia mikono ya watoto wao. Ikilia, huitwa fundi. Na huyo aliyeifungua huvishwa mabegani doti moja ya kanga mpya, na mwaka mzima jina lake ni Mfungua Pembea.

Miaka kumi na mmoja jina hilo lilikuwa la Bi Mize.

Bi Mize alikuwa mwalimu wa chuoni, anasomesha Kurani barazani kwake. Mwili alijaaliwa, na haya hakuwa nayo. Siku moja kabla ya Idd alikwenda kwa miguu yake mpaka kituo cha karafuu, akapanda mizani ya magunia, karani akasoma kwa sauti: "Mia na thelathini na mbili!" Wanawake wakapiga vigelegele. Yeye akashuka anacheka, anasema, "Na bado sijala pilau."

Mtu akimwuliza kwa nini anaipenda pembea vile, mtu mzima na akili zake, alijibu hivi: "Siku zote za mwaka mwili huu naubeba mimi. Siku hiyo moja nabebwa." Basi. Hakuwa na jingine alilolitaka.

Sasa, mwenye pembea, Bwana Vuai, mwaka huo akachoka na mbao. Akaagiza pembea ya chuma, kuukuu, kutoka ng'ambo. Akaandika barua: kiti kimoja kinachukua kilo ngapi? Akajibiwa: mia mbili. Loo! Barua ile ilitembezwa mlango kwa mlango. Kilo mia mbili! Bi Mize na gunia la mchele juu yake!

Aliuliza uzito. Upana hakuuliza. Na msimcheke Vuai, maana Chokaani nzima hakuna aliyekumbuka kuuliza. Kiti cha pembea yao ya zamani kilikuwa ubao na kamba, unakaa utakavyo. Hivi vya chuma vilikuwa na mikono miwili, mmoja kulia, mmoja kushoto, na juu yake chuma cha kufunga mapajani.

Asubuhi ya Idd ikafika. Bi Mize kavaa gauni jipya, kajifukiza udi. Akakipa kiti mgongo, akataka kukaa. Hakuingia. Akajaribu kwa ubavu, akajisukuma mpaka akabanwa nusu. Hakuingia. Vijana wakavuta kile chuma cha mapajani, hakikufika hata nusu ya njia.

"Vuta pumzi, Mwalimu," akasema Vuai, jasho linamtoka.

"Pumzi nimeivuta, Vuai. Nyonga haivutwi."

Mtu mmoja akacheka. Akacheka wa pili. Halafu uwanja mzima ukaangua kicheko, na wengi wao ni hao hao aliowafundisha alifu na be. Tena akitaka kusimama, kiti kimemshika! Ikabidi wanawake wawili wamvute mikono, na mshono wa gauni ukafumuka begani. Bi Mize akajifunika kanga yake akaenda nyumbani. Aliumia yule mama, jamani, aliumia.

Uwanjani je? Fujo! Watoto hawakai, hawasimami. Wanakwenda, wanarudi, wanavuta kanga za mama zao. "Mama, tunapanda?" "Bado." "Mama, sasa?" "Haijafunguliwa!" "Mama, itafunguliwa lini?" Jua linapanda, rangi za midomo zinayeyuka, peremende zinawanata mikononi, pembea imesimama tu na viti vyake vinane vitupu. Vuai anaizunguka kana kwamba yeye ndiye anayesukumwa.

Ndipo alipojitokeza Raya.

Raya alikuwa shoga yake Bi Mize, mashoga wa kufa na kuzikana. Yeye alikuwa kilo arobaini na tano, na hizo pamoja na viatu. Tena mwoga wa kwenda juu, hata ngazi ya darini aliipanda huku anasoma dua. Akasema, "Pembea haimjui Mize wala Raya. Inajua kilo. Pungufu yangu nijazieni mchanga."

Wakakimbilia mizani ya karafuu. Magunia mawili ya mchanga, kilo themanini na saba. Raya akakaa, gunia moja mapajani, gunia la pili miguuni, akafumba macho. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, kimya, isipokuwa Raya anamwita mama yake ambaye alikwisha kufa. Aliposhushwa alitapika kifungua kinywa chote cha Idd.

Vuai keshaikunjua doti. Kina mama wameshaanza kulegeza mikono. Mara sauti: "Ngojeni!"

Ni Khatibu, fundi wa mji, yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza pembea ya mbao kila mwaka. Kashika msumeno wa chuma.

"Nani kafungua pembea hii?" akauliza.

"Mimi," akasema Raya, anajipangusa mdomo.

"Umefungua wewe au umefungua mchanga?"

"Mchanga una kosa gani?" akadakia Vuai.

"Mchanga haujigeuzi, Bwana Vuai. Umewekwa pale, umekaa pale. Mtoto akifika juu atageuka kumtafuta mama yake, atachungulia, atampiga kofi mwenziwe. Watatulia hawa? Watazame!"

Wakawatazama. Hakuna aliyetulia.

Khatibu hakungoja ruhusa. Akaukata mkono wa kiti kimoja, huu wa kulia. Akaukata wa kushoto. Chuma cha mapajani kilipokataa kutoka, akakigonga kwa nyundo, na kila pigo pembea nzima inatikisika.

"Kiti changu!" Vuai anapiga kelele. "Nimekitoa ng'ambo mtu huyu anakikata!"

"Ungekitoa kwangu ningekupimia," akasema Khatibu, anagonga.

Halafu akaenda kumwita Bi Mize. Alimkuta kakaa ukumbini, gauni lile lile, begani wazi.

"Niende wakamalizie kicheko chao?" akasema Bi Mize.

"Kiti nimekikata, Mwalimu."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Na ulinipima saa ngapi?"

"Miaka kumi na mmoja nakutazama ukikaa."

Bi Mize akainuka. Kisha akaingia chumbani, akavaa gauni la zamani, akatoka. Walipopita uwanjani hakuna aliyecheka, na wala hakuna aliyepiga kigelegele. Watu wanatazama vidole vya miguu yao. Akakaa. Kiti kikampokea. Na kwa kuwa sasa hakina chuma cha kumzuia, Khatibu akamfunga kamba kiunoni, na Bi Mize akapanda hivyo hivyo, mbele ya macho yale yale.

Mara ya kwanza, kimya.

Mara ya pili, yuko juu, akageuka kushoto akatazama paa la chuo chake. Akageuka kulia. Akainama akachungulia chini, akatikisa miguu. Tena kwa raha! Kimya.

Mara ya tatu, alipogeuka tu: ka!

Kitu kidogo. Chini hakuna aliyekisikia. Lakini yeye masikio yake yana miaka kumi na mmoja kwenye kazi hiyo. Akapiga ukelele, "Simamisheni! Nishusheni taratibu!"

"Kaogopa," akasema Vuai.

"Sikuogopa, mpumbavu wee! Kitovuni mwa pembea kuna kitu kimepasuka!"

Wakamshusha kidogo kidogo, vijana wanne wananing'inia kwenye vyuma, mji mzima umeziba pumzi. Miguu yake ilipogusa chini Khatibu alikwishapanda juu. Akakuta bolti nene, ile iliyobeba pembea yote katikati, imepasuka robo tatu ya unene wake. Mama mmoja alimkumbatia mwanawe akaanza kulia pale pale, na kilio kikaenea.

Khatibu akaifungua bolti, akaitazama vizuri, akaipitisha mkono kwa mkono. Nusu ya ule ufa ilikuwa na kutu. Hiyo ilikuja nayo kutoka ng'ambo. Nusu ya pili ilikuwa inang'aa, mpya kabisa. Hiyo ni ya siku hiyo. Lakini ya nani siku hiyo? Ya mchanga wa Raya? Ya nyundo ya Khatibu? Ya Bi Mize alivyojigeuza? Bolti haikusema.

Usiku kucha Khatibu akafua bolti nyingine. Mosi ya Idd ilikuwa imepotea, lakini Idd pili Bi Mize alizungushwa tena mara tatu, kimya, na watoto wakapanda mpaka jua la siku ya nne lilipotua. Hakuna aliyechubuka hata ukucha.

Imebaki doti. Vuai kaishika, hajui ampe nani.

Raya ndiye aliyeanza, tena kwa hasira. "Nyie mlikuwa mmekata tamaa. Mlisimama juani mnapangusa jasho, mimi nikapanda nikiwa nakufa kwa woga. Mara tatu, uzito kamili, sikupungukiwa hata kilo. Desturi imesema kuna kujigeuza? Imesema mara tatu na kimya. Nimezunguka mara tatu, ilikuwa kimya. Huyu akaja na nyundo yake akaibomoa bolti, leo anaitwa mwokozi!"

"Bolti ilikuwa na kutu kabla sijazaliwa," akasema Khatibu. "Na kama si msumeno wangu, watoto wangepandishwa kwa dhamana ya mchanga. Nani angeisikia? Wewe ulikuwa unatapika."

Raya akamgeukia Bi Mize. "Na wewe, shoga. Sema. Nilikuibia?"

"Hukuniibia," akasema Bi Mize. "Ila hukunijia. Ulikwenda kwenye mchanga kabla hujaja kwangu."

"Kwa ajili ya watoto!"

"Najua ni kwa ajili ya watoto. Na mimi nilipanda kwa ajili yao, baada ya kuchekwa nao na mama zao, kwenye kiti kisichokuwa na kizuizi. Raya alipanda na kilo. Khatibu alikaa chini. Aliyesikia ni mimi."

"Lakini tuseme kweli, Mwalimu," akadakia Vuai, "kiti kisingekatwa ungesikia nini?"

Mnaona? Na msidhani ni kanga tu. Mwenye doti ndiye anayeamua pembea itafunguliwaje mwaka ujao. Ikienda kwa Raya, wamepata magunia ya mchanga, kiti kitaungwa mikono yake upya, na Bi Mize hatapanda tena maisha yake. Ikienda kwa Khatibu, fundi atakagua kwa nyundo na miwani, na mtu mzito hatafutwi tena. Ikienda kwa Bi Mize, kiti kinabaki wazi, na kila Idd ataingia mle akiwa hana cha kumzuia ila kamba, Raya naye ajue alitapika bure, na mashoga hao wawili sijui kama watapikiana tena.

Vuai alichoka. Akaitupa doti juu ya meza ya peremende, akawaambia watu wa Chokaani, "Mlicheka wote. Basi amueni wote."

Nao wakaanza kubishana, na wanavyobisha watu wale mnawajua. Bi Mize kasimama kando, mikono kaifunga, anangoja kusikia kama amepanda kwa mara ya mwisho.

Haya, nyie mliokaa hapa. Ungekuwepo uwanjani siku ile, na usiniambie usingecheka, doti ungemvisha nani?