Askari wa Nyuma ya Ukuta

Kaeni, wapendwa. Kikundi cha tarumbeta, asanteni, mmepiga vizuri, ingawa wenye masikio wamesikia kwamba besi haikuwepo. Kile kiti cha mwisho kiko wazi siku nyingi sasa. Nitakirudia, msidhani nimesahau.

Leo nawapeleka mahali ambapo wengi wenu hamjawahi kufika: kwenye mchezo wa kompyuta. Mzee Mgaya, usigune. Binti yangu alinikalisha chini siku mbili akanifundisha, na askari wangu alikufa mara kumi na nne, kwa hiyo ninachosema nakijua.

Mchezo wenyewe ni wa kikosi. Wachezaji wanne, kila mmoja na kompyuta yake na askari wake mmoja. Kazi yenu ni kuvuka lango lililo mwisho wa uwanja, wawili au zaidi. Hakuna kukimbia ovyo, mnakwenda kwa zamu. Zamu yako ikifika unasogea hatua chache, kisha unafanya jambo moja tu, labda unapiga, labda unabonyeza palipoandikwa LINDA. Ukibonyeza hapo, askari wako anatulia na bunduki tayari, na adui yeyote akipita mbele ya macho yake anampiga kabla hajamdhuru mwenzako. Halafu maadui nao wanacheza zamu yao. Mmenielewa? Haya.

Palikuwa na kijana mmoja wa chuo cha ufundi. Alikuwa na wenzake watatu, mmoja wao msichana wa mwaka wa mwisho, na walikuwa wameingia kwenye mashindano ya mkoa. Mechi mbili kwa siku moja. Wakishinda hata moja, wanakwenda Dodoma kuwakilisha mkoa. Kwa yule msichana ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, maana mwezi uliofuata anamaliza chuo. Na sheria ya pale ukumbini ilikuwa hii: askari wako akifa, unainuka kwenye kiti, unakwenda kusimama nyuma ya wenzako, unaangalia kwa macho tu.

Huyu kijana alikuwa hajawahi kuinuka. Mwaka mzima. Wenzake walimwita Kobe, naye alilipenda hilo jina. Alikuwa anatafuta ukuta mzuri, anajibanza, anabonyeza LINDA. Zamu inayofuata, LINDA. Nani angemlaumu? Anafuata sheria, hapotezi risasi, hafi.

Mechi ya kwanza ikaanza. Askari wa yule msichana akapigwa katikati ya uwanja, akaanguka, juu ya kichwa chake ikatokea namba tatu. Maana yake zimebaki zamu tatu, asipofikiwa anakufa. Aliyekuwa karibu naye ni Kobe peke yake, na hatua zilikuwa zinatosha. Kobe akaangalia uwanja, akaona ni hatari, akabonyeza LINDA. Namba ikawa mbili.

Msichana akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, njoo unifuate."

"Tulia, nakulinda," akajibu. Akabonyeza tena. Ikawa moja. Akabonyeza tena.

Msichana akainuka kwenye kiti. Wale wengine wawili walijaribu kufika langoni bila yeye, wakapigwa mmoja baada ya mwingine, nao wakainuka. Akabaki Kobe kwenye kiti chake, na kompyuta ikaandika matokeo: Waliobaki, mmoja. Kazi, imeshindwa.

Sasa sikilizeni alichosema. Aligeuka akawatazama wenzake waliosimama nyuma yake, akasema, "Lakini mimi si nimebaki?"

Yule msichana aliinama hadi usawa wa kichwa cha Kobe, akatazama kioo cha kompyuta yake, akatazama kwa makini kile alichokuwa anakiona askari wake. Akamuuliza, "Kutoka hapo ulipokuwa, ulikuwa unaona nini?"

Kijana akaangalia. Matofali. Ukuta wake ulikuwa mzuri mno, ulikuwa umemficha asionwe na adui na umemzuia asiwaone wenzake pia. Kwa zamu zote zile alizobonyeza LINDA, mbele ya macho yake hapakuwa na mtu wa kumlinda.

Ee ndugu zangu. Iliniuma hapo, na ni mchezo tu.

Mechi ya pili, wenzake wakaogopa kwamba kwa aibu atatoka mbio kama aliyechomwa. Hakutoka mbio. Alibaki Kobe yuleyule, hatua chache, anajikinga, ila safari hii alichagua mahali pa kujikinga ambapo anawaona wenzake. Kutoka kwenye pipa hadi kwenye trekta bovu. Anabonyeza LINDA, na kweli adui akapita, na kweli akampiga. Askari wa msichana akaanguka tena. Tatu. Kobe akasogea. Mbili. Akasogea tena, polepole, meno ameyauma. Moja. Akamfikia, akamvuta hadi kwa mwenzao wa tatu aliyekuwa karibu na lango. Lakini kumvuta mtu kunamaliza zamu yako yote, hubaki na nafasi ya kujilinda, kwa hiyo zamu yake iliisha akiwa wazi, peupe.

Akapigwa.

Akainuka kwenye kiti. Mara ya kwanza kwa mwaka mzima. Akasimama nyuma ya wenzake watatu, mikono kichwani, na kutoka pale akaona askari wa yule msichana akivushwa langoni. Waliobaki, watatu. Kazi, imekamilika. Wanasema yeye ndiye aliyelia.

Sasa tuje kwetu. Sisemi tuache uangalifu. Mungu ametupa akili tutazame tunapokanyaga, na mtu anayejirusha katikati ya risasi ili aonekane shujaa naye anawaangusha wenzake. Ninachouliza ni kimoja. Kutoka hapo ulipojikinga, unamwona nani?

Besi ya tarumbeta ilikuwa inapigwa na ndugu yetu Yotamu Kilave. Mnamjua. Mwezi wa tatu alitoka gerezani, akarudi kwake kule juu, nyuma ya mashine ya kusaga. Hajaja hapa hata Jumapili moja, na hapa hakuna aliyekwenda kwake. Tumejadiliana. Tumesema tumpe muda kwanza. Tumesema tukionekana pale watu watasemaje. Na kila Jumatano kwenye maombi tunalitaja jina lake, tunasema amina, tunakwenda nyumbani tumeridhika.

Tunabonyeza LINDA, wapendwa.

Nami siwasemi ninyi tu. Mimi mchungaji wenu napita njia ile ya mashine ya kusaga kila wiki nikienda mtaa wa pili. Nimepita mara nyingi. Mara moja nilimwona amekaa mlangoni, na nikageuza uso nikajifanya natafuta kitu kwenye mfuko wa koti. Nilijiambia bado siku yake, nahitaji kutafuta maneno mazuri. Huo ndio ukuta wangu, na ni mzuri sana, sijawahi kupigwa hata risasi moja.

Juzi mke wake alinisimamisha sokoni. Hakulalamika. Alisema tu kwamba Yotamu anataka kumpa mtu ile besi, kwa sababu hatapiga tena.

Zimebaki zamu ngapi? Mimi sijui, na wewe hujui. Namba yake hatuioni.

Kwa hiyo leo sitatoa baraka kutokea hapa madhabahuni. Nakunja kitabu changu, nashuka, natoka kwa mlango ule, napanda kule juu kwa miguu. Nitakwenda polepole, sina haraka, magoti yenyewe mnayajua. Baraka nitaitolea mlangoni kwa Yotamu. Anayeitaka, ainuke kwenye kiti chake.